Mawindo ya Waata na Sheria ya Mbuga

Katika nyika iliyo nyuma ya Malindi wamekaa tangu kale Waata, ambao majirani waliwaita Waliangulu. Hawa waliwinda ndovu kwa pinde nzito na mishale iliyopakwa sumu ya msunguti. Ndovu akianguka, nyama iligawiwa jamaa na rafiki, nyingine ikaanikwa. Pembe ziliuzwa pwani. Mwaka 1948 sehemu kubwa ya nchi yao ya mawindo ilitiwa katika mbuga ya Tsavo, na katika msako wa 1956 na 1957 wengi wao walifungwa. Sheria hiyo iliwahifadhi ndovu, wala hilo si jambo dogo. Walakini kitoweo cha baba kiligeuka kosa la mwana, na lugha nayo ikatoa hukumu yake: aliyekuwa mwindaji akaitwa jangili.