Mazungumzo Baada ya Habari: Saratani na Pauni Chache

Mwezi wa Oktoba 1961 madaktari watatu waliondoka Kampala kwa gari kuukuu la Ford, lililonunuliwa kwa pauni 250. Kiongozi wao, Denis Burkitt, alikuwa amepata kuwa mpasuaji wa jeshi la Uingereza huko Kenya na katika nchi ya Wasomali. Askari wataitambua kazi yake, maana ilikuwa upelelezi hasa. Alitafuta watoto wenye uvimbe wa taya, saratani aliyoieleza mwaka 1958. Kwa majuma kumi walikwenda kilomita 16,000, hadi Afrika Kusini na kurudi, wakizuru hospitali zaidi ya 50, nyingi za misheni, mbali na miji. Gharama yote haikufika pauni 700.

Ramani ikasema: karibu na ikweta, juu ya mita 1,500, uvimbe huo ni nadra mno. Kwa kipimo hicho Bujumbura, kwenye mita 770 hivi kando ya ziwa, imo ndani ya mpaka. Milima inayoitazama imo nje.

Mwaka 1962 Marekani ilimpa Anthony Epstein wa London dola 45,000. Vipande vya uvimbe vilipelekwa kwake kwa ndege kutoka Kampala, na mwaka 1964 kirusi kikatangazwa. Kituo cha tiba kilifunguliwa Mulago mwaka 1967. Mtoto wa kijijini ilimpasa kukifuata huko.