Kibra, Kibera na Kawangware: Majina ya Mahali kama Masimulizi ya Mji

Mwaka 1918 serikali ya kikoloni ilitenga rasmi eka 4,197 za ardhi, kusini-magharibi ya Nairobi, ziwe hifadhi ya kijeshi. Juu ya ardhi hiyo walikuwa wamekwisha kukaa askari wa King's African Rifles, jeshi ambalo raia waliliita Keya, pamoja na wake na watoto wao. Hao ndio Wanubi, wazawa wa askari waliotoka Sudani na kupitia Uganda katika utumishi wa Waingereza. Lugha yao, Kinubi, ni krioli iliyozaliwa na Kiarabu, ambayo Bernd Heine aliiandikia kitabu mwaka 1982 kwa kutumia Kinubi cha hapo hapo. Kwa Kinubi mahali hapo paliitwa Kibra, yaani msitu. Katika vinywa vya wasemaji wa lugha za Kibantu, ambazo hazielekei kufuatanisha konsonanti mbili za namna hiyo, Kibra ikawa Kibera. Mwanafunzi wa Kiswahili hataona ajabu, kwani anazo fikra na fikira bega kwa bega. Ingawa irabu ya kupachika katika maneno yetu yenye asili ya Kiarabu aghalabu ni i au u, wala si e.

Jambo hili lingekuwa la fonolojia tu kama ardhi yenyewe isingegombaniwa. Tume ya Ardhi ya Carter, iliyotoa taarifa yake mwaka 1934, iliwahesabu Wanubi kuwa ni wapangaji waliokaa kwa hiari ya Serikali ya Mwingereza. Hati ya kumiliki hawakuwa nayo. Walichokuwa nacho ni makaburi, vyeti vya jeshi na masimulizi. Na masimulizi hayo yamehifadhiwa kwa ufupi kabisa katika majina ya vijiji. Kambi Muru, Kambi Aluru na Kambi Lendu yanataja Wamoru, Waalur na Walendu, makabila ya Sudani, Uganda na Kongo ambayo jeshi lilikusanya watu wake. Laini Saba, kwa kauli ya wazee, ni mstari wa saba wa uwanja wa shabaha. Atajaye jina hilo leo akiwa ndani ya matatu hana haja ya kufikiri bunduki, walakini bunduki imo ndani ya neno.

Baada ya Uhuru mwaka 1963 ilikuja tabaka nyingine ya majina. Kisumu Ndogo ni kumbukumbu ya nyumbani iliyohamishiwa ukingoni mwa reli. Soweto imechukuliwa Afrika Kusini pamoja na maana yake yote. Juu ya sehemu nyingine za ardhi ile ile zilijengwa nyumba za watu wenye mishahara, na mojawapo ya mitaa hiyo ikapewa jina la Fort Jesus, kana kwamba ngome ya Mombasa imepanda treni kuja bara. Kwa jinsi hiyo Kibra ya msitu ilipungua eka baada ya eka, na kila jina jipya lilifunika simulizi ya zamani.

Kawangware ina historia tofauti, nayo haifai kutiwa katika kapu moja na Kibera kama wafanyavyo waandishi wengi wa magazeti. Hii haikuwa ardhi ya jeshi, bali sehemu ya Dagoretti iliyokuwa ndani ya hifadhi ya Wakikuyu, ikamilikiwa na jamaa mbalimbali, kisha ikaingizwa katika mipaka ya Nairobi wakati wa Uhuru. Ndani ya jina hilo mna ngware, ndege ambaye Waswahili humwita kwale. Maneno hayo mawili ni ndugu wa asili moja, r ya Kikikuyu ikiwa mahali pa l ya Kiswahili. Mwenye nyumba anayo hati na jina la ndege. Mpangaji aliyetoka magharibi ya Kenya hana hata kimoja, naye amejitungia majina yake kwa namba za magari: Kawangware 46 na Kawangware 56. Ni majina makavu, lakini yana fadhila moja: namba haina ukoo, na kila mtu aweza kuitaja bila kuomba ruhusa. Fadhila hiyo haikuzuia damu. Oktoba 1917 ya askari wa Keya ilikuwa vita vya wageni; Oktoba 2017, baada ya uchaguzi wa marudio wa urais, ghasia zilizuka baina ya majirani wa Kawangware wenyewe.

Kibera ilikwisha kuonja uchungu huo mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008, reli ilipong'olewa na nyumba kuchomwa. Yafaa hapa kuitaja Pamoja FM, redio ya mtaa iliyoanzishwa 2007, ambayo iliwasihi wasikilizaji watulie. Na mchoraji Solomon Muyundo, ajulikanaye kwa jina la Solo 7, aliyeandika maneno ya amani juu ya kuta na vibanda vya mtaa mzima. Ukuta uliosomwa na kila mpita njia ulikuwa gazeti lisilouzwa.

Mwaka 2009 vijana wa Kibera, wakishirikiana na Erica Hagen na Mikel Maron, walianza kuchora ramani ya mtaa wao, kwa kuwa ramani zilizokuwako ziliuacha kama pengo. Majina yaliyokuwa ya kinywa tu yakapata mahali pa kuandikwa, pamoja na shule, misikiti, makanisa na mabomba ya maji. Mwaka huo huo sensa ilihesabu watu 170,070, ilhali ulimwengu ulikuwa umezoea kusimuliwa milioni moja. Hadithi ya milioni moja ilitungwa kwa ajili ya wasikilizaji wa mbali. Ramani ilichorwa na watu walioijua njia ya kwenda msalani usiku. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko tofauti ya hesabu.

Irabu nayo ilirudi barazani. Katika uchaguzi wa 2013 jimbo jipya lilipigiwa kura kwa jina la Kibra, bila e. Mwaka 2015 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ilitangaza uamuzi uliowapa Wanubi haki katika madai yao dhidi ya Kenya, na mwaka 2017 Rais Uhuru Kenyatta aliwakabidhi hati ya eka 288. Walioingia baada ya Uhuru, ambao ndio wengi, huendelea kusema Kibera, nao wana haki ya kuuliza simulizi yao itaandikwa katika hati gani. Julai 2018 matingatinga yalibomoa nyumba na shule kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, na maelfu wakaondoka. Walikohamia, baadhi yao bado hujitambulisha kwa jina la kijiji ambacho sasa ni lami.