Sifuri Hadi Tano: Namba ya Nguvu za Misuli Ilitoka Wapi?

Ukimpeleka mtoto mwenye mguu dhaifu hospitalini, iwe Kitale au Bungoma, mtaalamu wa tiba ya viungo humlaza, humwambia ainue mguu, kisha huusukuma kwa mkono. Halafu huandika namba kwenye kadi. Namba hiyo ina maana gani?

Historia yake inaanza na watoto waliougua polio. Mjini Boston, Marekani, daktari Robert Lovett na msaidizi wake Wilhelmine Wright walitaka kujua ni misuli ipi iliyobaki na nguvu. Walitumia mikono yao na uzito wa kiungo chenyewe. Wright aliandika maelezo ya upimaji huo mwaka 1912. Mwaka 1943, wakati wa vita, Uingereza ilitoa mwongozo wenye namba 0 hadi 5.

Sifuri ni msuli usiojikaza kabisa. Moja, unajikaza kidogo bila kusogeza kiungo. Mbili, kiungo husogea kikiwa kimelazwa, lakini hakiinuki. Tatu, kinainuka. Nne, kinainuka na kuhimili msukumo kiasi. Tano ni nguvu za kawaida.

Kutoka hospitalini, upimaji huu uliingia uwanjani. Tarehe 29 Julai 1948, daktari Ludwig Guttmann aliandaa mashindano ya upinde na mshale katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Walishindana wanajeshi 16 waliojeruhiwa, wakiwa kwenye viti vya magurudumu. Michezo hiyo ilipokua, likazuka swali la haki: je, mwenye mikono imara ashindane na ambaye mikono yake imedhoofika? Ndipo misuli ikapimwa ili wachezaji wagawanywe katika makundi. Baadaye ilionekana namba peke yake haitoshi, kwa kuwa nne ya mpimaji mmoja yaweza kuwa tano ya mwingine. Kwa hiyo siku hizi mwanariadha hutazamwa pia akiwa mchezoni.

Kenya ilishiriki Paralimpiki kwa mara ya kwanza mwaka 1972, mjini Heidelberg, Ujerumani. Mwaka 2008, mjini Beijing, Mary Nakhumicha Zakayo aliiletea Kenya medali ya fedha katika kurusha mkuki, kundi la wanaorusha wakiwa wameketi. Jina Nakhumicha halihitaji maelezo kwa watu wa Bungoma na Kitale.

Basi mama, namba ya kwenye kadi haipimi thamani ya mtoto wako. Inaeleza nguvu za msuli mmoja, siku moja. Itunze kadi na urudi tarehe uliyopangiwa. Mbili ikigeuka tatu, mguu uliokuwa ukiburutwa mkekani sasa unainuka. Hiyo ni hatua kubwa. Na hata isipobadilika, usimfiche mtoto nyumbani. Mpeleke shule, mwache acheze na wenzake.

Tena kumbuka: mtoto wa chini ya miaka 15 akilegea mkono au mguu ghafla, usianze kwa kumkanda wala kungoja. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, choo chake kipimwe kama ana polio. Nao wadogo wapate chanjo zote za polio. Katika vituo vya serikali ni bure.