Mlalo wa Upasuaji na Madhara Yake kwa Moyo

Mlalo wa upasuaji ni namna mwili wa mgonjwa unavyolazwa na kuegemezwa juu ya meza ya upasuaji ili daktari aifikie sehemu anayotaka kuipasua. Kiswahili kina maneno mengine mawili yanayokaribiana na istilahi hiyo, nayo ni ulazaji na mkao. Ulazaji ni kazi ya wahudumu: kumgeuza mgonjwa, kumwinua miguu, kumwekea mito. Mlalo ni hali anayobaki nayo baada ya kazi hiyo, pengine kwa saa nyingi. Kitabibu tofauti hii si ndogo, kwa sababu moyo unaweza kuyumba katika dakika ile ile ya kugeuzwa, au ukaelemewa polepole na mlalo uliodumu. Mkao unafaa pale tu mgonjwa anapoketishwa. Majina ya milalo yenyewe hayahitaji kubuniwa, maana chali, kifudifudi na ubavu ni maneno ya kila nyumba.

Madhara ya mlalo kwa moyo ni mabadiliko ya mzunguko wa damu yanayoletwa na mlalo wenyewe, wala si ugonjwa uliomleta mgonjwa hospitalini. Shinikizo la damu hushuka, mapigo hupungua au huvurugika, moyo dhaifu huzidiwa na damu inayorudi kwa wingi, hewa huingia ndani ya moyo, na katika hali mbaya kabisa moyo husimama.

Chanzo chake ni kwamba moyo hauwezi kusukuma damu ambayo haijaufikia. Mtu anaposimama, kiasi cha nusu lita ya damu au zaidi huteremkia miguuni na tumboni. Vihisi vilivyomo katika ateri za shingo na katika upinde wa aorta hutambua upungufu huo mara moja, mapigo yakaongezeka na mishipa ikabana. Dawa za usingizi huzima sehemu kubwa ya ulinzi huo. Mishipa hulegea, na mashine ya kupumulia huongeza shinikizo kifuani hata damu ikapata tabu kuingia moyoni. Tena aliyelala usingizi wa dawa hajigeuzi anapoumia, wala hasemi.

Kulala chali ndio mlalo wa kawaida, na kwa wengi hauna shida. Mwenye hatari ni mama mjamzito, naye astahili kuelezwa kwa kirefu, kwani upasuaji wa kujifungua ni miongoni mwa upasuaji mkubwa unaofanywa mara nyingi zaidi katika hospitali za Afrika Mashariki. Kuanzia wiki ya 20 hivi ya ujauzito, mfuko wa uzazi huwa mzito kiasi cha kuweza kuiegemea vena kava ya chini, yaani mshipa mkuu unaorudisha damu kutoka miguuni na nyongani. Mshipa huo hupita upande wa kulia wa uti wa mgongo, na ukuta wake ni mwembamba, hivyo hubanwa kwa urahisi. Mama huanza kutoka jasho, husikia kichefuchefu na kizunguzungu, hugeuka rangi, na damu inayofika kwenye kondo la nyuma hupungua. Hali hii ilielezwa kwa jina lake rasmi nchini Marekani mwaka 1953 na Howard na wenzake. Kwa Kiswahili yafaa kuitwa dalili za kushuka kwa shinikizo kwa mjamzito aliyelala chali: ni jina refu, lakini mkunga akilisikia anajua la kufanya. Ganzi ya uti wa mgongo huizidisha hali hiyo, kwa kuwa hulegeza mishipa ya miguu ambayo ingejibana kufidia upungufu.

Kinga iliyozoeleka ni kuinamisha meza kushoto kwa nyuzi 15, au kuweka shuka ama blanketi lililokunjwa chini ya nyonga ya kulia. Kinga hiyo ni nafuu na yafaa kuendelea kufundishwa, ila isiaminiwe peke yake. Mwaka 2015 watafiti wa Japani waliwapiga wajawazito picha za MRI, wakaona kwamba nyuzi 15 hazikuufungua mshipa ule kwa kiasi cha kutosha. Ulianza kufunguka katika nyuzi 30. Mwinamo huo ni mkali mno kwa daktari anayeshika kisu. Ndiyo maana mtaalamu wa usingizi huwa na fenilefrini tayari kupandisha shinikizo, pamoja na dripu, na hulipima shinikizo mara kwa mara tangu ganzi inapochomwa. Moyo wa mjamzito ukisimama, mtu mmoja husukuma mfuko wa uzazi kushoto kwa mikono huku mwingine akikandamiza kifua.

Mlalo wa chali wenye miguu iliyopandishwa, unaotumika katika upasuaji wa njia ya mkojo na wa uzazi, humimina damu ya miguuni kuelekea moyoni. Moyo mzima hupokea. Moyo uliochoka unaweza kuzidiwa, na mapafu yakajaa maji. Hatari ya pili huja mwishoni, miguu inaposhushwa: damu hurudi chini ghafla na shinikizo likaporomoka. Miguu yote miwili ishushwe pamoja, taratibu.

Mlalo wa kichwa chini hubeba jina la Friedrich Trendelenburg, daktari mpasuaji wa Ujerumani wa karne ya 19, aliyeutumia ili matumbo yasogee kuelekea kifuani na nyonga ionekane vizuri. Baadaye ulienea kama tiba ya mgonjwa aliyeishiwa shinikizo, ingawa faida yake huko ni ndogo na ya muda mfupi. Siku hizi hutumika sana katika upasuaji wa matundu madogo, ambapo tumbo hujazwa gesi. Gesi ikiingizwa kwa kasi huuvuta utando wa tumbo, na mapigo yanaweza kupungua ghafla au kukoma. Hapo gesi hutolewa kwanza, kisha atropini, dawa ya kuongeza mapigo, hufuata.

Kifudifudi ni mlalo wa upasuaji wa mgongo. Tumbo likikandamizwa na meza, vena kava hubanwa, na damu hutafuta njia katika mishipa midogo inayouzunguka uti wa mgongo. Matokeo yake ni mawili kwa pamoja: moyo hupata damu kidogo, na kidonda huvuja zaidi. Mito huwekwa chini ya kifua na nyonga ili tumbo lining'inie huru. Moyo ukisimama kabla mgonjwa hajaweza kugeuzwa, ukandamizaji huanzia mgongoni, katikati ya mabega.

Mkao wa kuketi hutumika katika baadhi ya upasuaji wa bega na wa sehemu ya nyuma ya ubongo. Hapa kipimo cha shinikizo kinaweza kudanganya. Ubongo ukiwa sentimita 20 juu ya mkono uliofungwa kipimo, shinikizo linaloufikia ni pungufu kwa kama milimita 15 za zebaki. Wastani wa 60 mkononi ni kama 45 kichwani. Aidha, kidonda kikiwa juu ya moyo, vena zilizoshikiliwa wazi na mfupa zinaweza kufyonza hewa. Hewa hiyo hufika upande wa kulia wa moyo, hugeuza damu kuwa povu na kuziba njia ya kwenda mapafuni. Dalili ya mapema ni kushuka ghafla kwa kabonidayoksaidi katika pumzi inayotoka. Mpasuaji hujaza kidonda maji ya chumvi, kichwa huteremshwa, na kama kuna mrija uliofika moyoni, hewa hunyonywa kwa huo. Kwa watu wazima karibu mmoja kati ya wanne, tundu la utotoni kati ya vyumba vya juu vya moyo halikuziba kabisa, na hewa inaweza kuvukia kushoto hadi kwenye ubongo. Kwa hiyo moyo huchunguzwa kwa mawimbi ya sauti kabla ya upasuaji wa aina hiyo, na mwenye tundu mara nyingi hulazwa kifudifudi au kwa ubavu badala ya kuketishwa.