Uzoefu wa Kazi Ugenini: Wakimbizi Wenye Ujuzi wa Afrika Kusini na Mafundi wa Kitanzania Mazimbu na Dakawa, Morogoro, 1977–1992

Utangulizi

Mwezi Julai 1992 chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, African National Congress (ANC), kilikabidhi kwa Serikali ya Tanzania vituo vyake vya Mazimbu na Dakawa mkoani Morogoro. Vilivyokabidhiwa vilikuwa vitu vya kuonekana na kuhesabika: madarasa, mabweni, hospitali, karakana, nyumba za kuishi na mashamba. Majengo ya Mazimbu yakawa mali ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, na hadi leo yanajulikana kama Kampasi ya Solomon Mahlangu. Hata hivyo, miaka 15 ya kujenga na kuendesha vituo hivyo ilizaa pia kitu kisichoweza kuorodheshwa katika hati ya makabidhiano, yaani uzoefu wa kazi.

Wanahistoria walioandika kuhusu Mazimbu wameishughulikia zaidi kama shule. Kitabu cha Sean Morrow, Brown Maaba na Loyiso Pulumani, Education in Exile, kilichochapishwa mwaka 2004, ndicho kinachosimulia kwa kirefu zaidi historia ya shule hiyo, migogoro yake na mafanikio yake. Insha hii inaitazama Mazimbu kwa upande mwingine, kama mahali pa kazi. Inauliza ni kwa njia gani wageni wenye ujuzi walipata uzoefu wa kazi katika nchi ngeni, ni nani aliyewapa uzoefu huo, na ni nani aliyeutambua baadaye.

Hoja inayotetewa ni kwamba uzoefu huo haukuwa mali ya mgeni peke yake. Ulipatikana kwa sababu kazi yenyewe ilikuwa ya kweli na ya lazima, na kwa sababu mgeni aliifanya bega kwa bega na mafundi na vibarua wa Kitanzania walioijua ardhi, hali ya hewa, lugha na uhaba wa vifaa. Hata hivyo, kwa kuwa kazi hiyo ilifanyika ndani ya makazi ya chama, nje ya soko la ajira la nchi, uzoefu uliotokana nayo ulibaki bila muhuri, na mchango wa mwenyeji ukafifia katika kumbukumbu.

Mgeni na jembe: wauguzi wa 1961

Methali ya Kiswahili husema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Julius Nyerere aliitumia mwaka 1962 katika maelezo yake kuhusu Ujamaa, kuonyesha kwamba katika jamii ya jadi kila mtu alikuwa mfanyakazi. Kwa kawaida methali hii husomwa kama wajibu wa mgeni. Inao pia upande wa pili: jembe ni la mwenyeji, shamba ni la mwenyeji, na mwenyeji ndiye ajuaye mvua inaanza lini na mwamba umelala wapi. Kumpa mgeni jembe ni pamoja na kumwonyesha namna ya kulima mahali pale.

Wageni wenye ujuzi kutoka Afrika Kusini walipewa jembe hilo mapema. Tanganyika ilipokuwa ikijiandaa kwa uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961, wauguzi wengi Waingereza waliondoka na kuacha pengo katika hospitali za serikali. Kwa ombi la Nyerere, ANC iliandaa wauguzi 20 Waafrika waliokwisha kufuzu nchini Afrika Kusini, wakaja kuziba pengo hilo. Mafunzo yao yalifuata mfumo wa Kiingereza uliotumika pia Tanganyika. Waliajiriwa na serikali, wakapangiwa wodi, na kazi yao ikahesabiwa kuwa utumishi. Walichopaswa kukipata hapa ni kile ambacho chuo hakikuwafundisha: Kiswahili cha wagonjwa, maradhi ya pwani na ya bara, na desturi za jamaa wanaomuuguza mgonjwa wao.

Mfano huo unatoa kipimo cha kulinganishia. Kwa wauguzi wa 1961, mambo matatu yalikwenda pamoja: ujuzi waliokuja nao, ajira katika taasisi za nchi, na uhitaji ambao kila mtu aliuona. Kwa vijana waliofika baada ya 1976, mambo hayo matatu yalitengana.

Kutoka shamba la mkonge hadi eneo la ujenzi

Baada ya maandamano ya wanafunzi wa Soweto ya tarehe 16 Juni 1976, maelfu ya vijana walivuka mipaka ya Afrika Kusini. ANC, ambayo ilikuwa na makao mjini Morogoro tangu miaka ya 1960 na ilifanya mkutano wake mkuu wa mashauriano hapo mwaka 1969, ilihitaji mahali pa kuwasomesha. Mwaka 1977 Serikali ya Tanzania iliipa ardhi ya Mazimbu, lililokuwa shamba la mkonge karibu na Mto Ngerengere, unaoteremka kutoka Milima ya Uluguru. Masomo yalianza mwaka 1978 katika majengo machache yaliyoachwa na shamba. Shule ilipewa jina la Solomon Mahlangu, kijana wa ANC aliyenyongwa na utawala wa makaburu tarehe 6 Aprili 1979.

Ni vyema kukumbuka kwamba ardhi hiyo ilikuwa imezoea wafanyakazi wageni. Mashamba ya mkonge ya Tanganyika yalitegemea manamba, vibarua walioletwa kwa mikataba kutoka mikoa ya mbali na hata nje ya nchi, na kuanzia mwaka 1944 waajiri wa mkonge walikuwa na chombo chao cha kuwakusanya, SILABU. Manamba alitakiwa kuleta nguvu tu. Ujuzi wake haukuulizwa. Wageni wa 1977 walifika Mazimbu kwa misingi tofauti kabisa: walialikwa, walipewa ardhi, na ujuzi ndio uliokuwa shabaha.

Vijana hao walikuwa wakitoka katika nchi ambako sheria yenyewe iliwazuia kupata uzoefu. Sheria ya mwaka 1951 kuhusu wafanyakazi wa ujenzi Waafrika iliwakataza kufanya kazi za ufundi wa ujenzi katika maeneo ya mijini yaliyotengwa kwa Wazungu. Sheria ya elimu ya Wabantu ya 1953 iliwaandalia masomo ya kuwatumikia wengine. Hivyo basi, kwa kijana mweusi wa Soweto, kusimamia ukuta unaopanda, kusoma ramani ya jengo au kufunga nyaya za umeme katika bweni zima ni mambo ambayo nchi yake haikumruhusu kuyajaribu kwa uhuru.

Ujenzi wa Mazimbu ulikuwa mkubwa. Mbali na shule ya sekondari, iliyofunguliwa rasmi na Oliver Tambo mwezi Agosti 1985, kulijengwa shule ya msingi, kituo cha watoto, hospitali, karakana ya samani na nyumba za wafanyakazi, huku shamba likizalisha chakula. Mwaka 1982 serikali ilitoa eneo jingine kubwa zaidi huko Dakawa, kando ya barabara ya Dodoma. Baada ya mkataba wa Nkomati wa Machi 1984, uliowalazimisha wana-ANC wengi kuondoka Msumbiji, Dakawa ilipokea watu wengi, na humo kukaanzishwa mafunzo ya ufundi stadi. Misaada ya fedha, vifaa na wataalamu ilitoka hasa nchi za Skandinavia, Uholanzi na Ujerumani Mashariki.

Kujifunza kazi kando ya wenyeji

Ndani ya vituo hivyo kulikuwa na makundi matatu ya watu wenye ujuzi. La kwanza ni waliokuja na taaluma zao kutoka nyumbani, kama walimu na wauguzi. La pili ni vijana waliopelekwa na chama kusoma Ulaya Mashariki, Cuba na kwingineko, kisha wakarudi Tanzania wakiwa na vyeti lakini hawajawahi kuajiriwa popote. La tatu ni waliojifunza ufundi papo hapo. Kundi la pili ndilo linaloonyesha wazi tatizo la mgeni mwenye ujuzi: anacho cheti, lakini hana kazi aliyoifanya inayomshuhudia.

Mazimbu iliwapa kazi hiyo. Hata hivyo, ramani ya jengo haijengi nyumba. Tanzania ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya Vita vya Kagera na kupanda kwa bei ya mafuta, ilikuwa nchi ya uhaba wa saruji, nondo, dizeli na vipuri. Fundi aliyefunzwa mahali ambapo ghala halikosi kitu alipaswa kujifunza kupanga kazi kwa kufuata kilichopo, kutengeneza badala ya kubadilisha, na kujua mapema ni nani mwenye kifaa kinachotakiwa. Huko Dakawa, katika tambarare za Mto Wami, kuna udongo mweusi wa mbuga unaovimba wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi. Msingi wa nyumba katika udongo huo hauchimbwi kama unavyochimbwa kwenye changarawe ya miguuni mwa Uluguru. Maarifa ya namna hiyo yalikuwa mikononi mwa watu wa mahali hapo.

Watu hao walikuwepo. Ingawa falsafa ya shule ilisisitiza elimu inayoambatana na uzalishaji, na wanafunzi walipangiwa zamu za kazi za mikono, sehemu kubwa ya ujenzi na kilimo ilifanywa na mamia ya Watanzania walioajiriwa kwa ujira: waashi, maseremala, madereva, wapishi na vibarua. Suala hili lilizua mjadala ndani ya ANC yenyewe, kwa kuwa baadhi ya wanafunzi waliziona kazi za mikono kuwa za wenyeji wa kuajiriwa. Hapa falsafa ya shule ilikabiliana na tatizo lile lile ambalo Tanzania ilikuwa ikilikabili tangu kutangazwa kwa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967: msomi anayeona kwamba jembe limempita.

Uhusiano huo haukuwa wa usawa, wala haukuwa rahisi. Mwana-ANC hakulipwa mshahara. Chama kilimtimizia mahitaji yake na kumpa posho ndogo. Mtanzania alilipwa mshahara, lakini aliishi katika uchumi wa maduka matupu, huku ng'ambo ya pili kukiwa na bidhaa za misaada. Lugha ya shule ilikuwa Kiingereza. Lugha ya kazi ilikuwa Kiswahili. Mgeni aliyetaka kuongoza kikosi cha ujenzi ilimlazimu kujifunza maneno ya kazi kwa wale aliowaongoza. Katika hali hiyo msimamizi alikuwa pia mwanafunzi, hata kama vyeo vya vituo havikulisema jambo hilo.

Uzoefu usio na muhuri

Yapo maoni yanayoweza kupinga hoja hii. Inaweza kusemwa kwamba uzoefu wa Mazimbu haukuwa wa Tanzania hata kidogo, kwa sababu vituo vilijitegemea kwa hospitali, shamba na utawala wake. Pingamizi hilo lina uzito. Isipokuwa wachache, wakazi wa vituo hawakuingia katika soko la ajira la Morogoro, hata pale viwanda vipya vya mji vilipohitaji mafundi. Sheria ya udhibiti wa wakimbizi ya 1965 nayo iliwatazama wakimbizi kama watu wa kupangiwa mahali pa kukaa. Hata hivyo, kinachotenganishwa na utawala si lazima kitenganishwe na kazi. Saruji, udongo, maji ya Ngerengere na mikono ya waashi havikuulizwa uraia.

Gharama ya utengano ilionekana baada ya Februari 1990, ANC iliporuhusiwa tena nyumbani na uhamisho kugeuka kurejea. Waliorudi walikuta soko la ajira linalodai vyeti vinavyofahamika na barua za waajiri wanaofahamika. Aliyekuwa amejenga mabweni Mazimbu hakuwa na mwajiri wa kibiashara wa kumwandikia barua. Alikuwa na chama. Ni mwaka 1995 tu ndipo Afrika Kusini ilipotunga sheria ya kuunda mamlaka ya kusimamia sifa za elimu na ujuzi, na kuingiza katika mfumo wake wazo la kutambua mafunzo yaliyopatikana nje ya darasa rasmi. Mfano mmoja wa uzoefu uliovushwa ukiwa na jina lake ni mradi wa sanaa na ufundi ulioanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 mjini Grahamstown, sasa Makhanda, kwa ajili ya waliorejea. Uliitwa Dakawa.

Upande wa Tanzania, mwashi aliyejenga majengo yale yale alikabiliwa na pungufu linalofanana. Sheria ya mafunzo ya ufundi stadi ilitungwa mwaka 1994, na utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini ukajengwa baadaye, wakati kazi ya Mazimbu ilikuwa imekwisha. Nyaraka za shule zilihifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Fort Hare. Ni nyaraka za chama, zilizoandikwa kwa mahitaji ya chama; aliyeshika mwiko hakuwa na nafasi ya kushika kalamu ndani yake.

Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba uzoefu wa kazi wa mgeni hujengwa na mambo mawili: kazi yenye uhitaji wa kweli, na mwenyeji aliye tayari kuifanya pamoja naye. Wauguzi wa 1961 walikuwa na yote mawili, na zaidi ya hayo wakawa na mwajiri aliyewatambua. Mafundi wa Mazimbu na Dakawa walikuwa na yote mawili bila utambuzi huo. Utengano uliowalinda kisiasa ndio uliowanyima ushahidi wa kazi yao.

Kwa utafiti, matokeo yake ni ya haraka. Waliorejea Afrika Kusini wameandika na kuhojiwa. Waashi, madereva na wapishi wa Kitanzania waliofanya kazi nao sasa ni wazee, na wengi wao hawajaulizwa. Kuwahoji katika mitaa inayoizunguka Mazimbu na katika kijiji cha Dakawa, kwa Kiswahili na kwa kufuata jengo moja baada ya jingine, ndiyo njia iliyobaki ya kujua kila ukuta ulifundishwa na nani kwa nani. Kazi hiyo haiwezi kusubiri kizazi kijacho cha watafiti.