Jasho, Upepo na Safari Ndefu ya Jaketi la Mlimani

Mwili wa binadamu unapofanya kazi nzito huzalisha joto zaidi kuliko unavyohitaji, na hulipunguza kwa jasho. Mpanda mlima mwenye mzigo anaweza kutoa lita moja ya jasho au zaidi kwa saa, hata pale hewa inapokuwa chini ya nyuzi 0. Jasho likigeuka mvuke na kutoka, limefanya kazi yake. Likinaswa ndani ya nguo hurudi kuwa maji, na maji huondoa joto mwilini takriban mara 25 zaidi ya hewa iliyotulia. Ndiyo maana hatari huja zaidi mtu anaposimama kupumzika: kazi imekoma, joto halizalishwi tena kama awali, lakini shati bado limelowa. Jaketi jepesi linalonyumbuka, ambalo wauza vifaa vya milimani huliita softisheli, lilibuniwa kwa ajili ya tatizo hilo. Hata hivyo tatizo lenyewe ni la kale, na watu wa kwanza kulitatua hawakuwa na kiwanda.

Wainuiti wa Aktiki walivaa nguo mbili za ngozi ya karibuu (caribou), mnyama wa jamii ya kulungu anayeishi kwenye baridi kali. Ya ndani iligeuziwa manyoya upande wa mwili na ya nje iligeuziwa manyoya upande wa upepo. Zilishonwa pana makusudi, ili mtu akianza kupata joto alegeze shingo au kiuno na hewa ya uvuguvugu itoke. Kwa kazi za majini walishona makoti ya matumbo ya sili, membamba kama karatasi, yaliyozuia maji kuingia na bado yakaruhusu mvuke kupita.

Ulaya ilianza upande mwingine kabisa, kwa sababu adui aliyeonekana huko alikuwa mvua. Mwaka 1823 Charles Macintosh wa Glasgow alipata hataza ya kitambaa chenye mpira uliobanwa kati ya matabaka mawili. Maji ya nje hayakuingia, lakini jasho nalo halikutoka, na aliyetembea kwa kasi ndani ya koti hilo alilowa vilevile. Thomas Burberry, muuza nguo wa Basingstoke, alikuja na njia tofauti mwaka 1879. Badala ya kupaka kitambaa kilichokwisha kufumwa, aliutia uzi dawa ya kuzuia maji kabla ya kufuma, kisha akaufuma kwa kubana sana. Gabardini hiyo ilikata upepo, ilistahimili manyunyu, na iliacha hewa kidogo ipite. Wasafiri wa ncha za dunia waliipokea.

Gharama ya jasho lililonaswa ilionekana wazi Antaktika, majira ya baridi ya mwaka 1911. Apsley Cherry-Garrard, Edward Wilson na Henry Bowers, watu wa msafara wa Robert Scott, walivuta sleji gizani kwa takriban wiki 5 kwenda na kurudi Cape Crozier kutafuta mayai ya pengwini. Jasho na pumzi zao ziliganda ndani ya nguo na mifuko ya kulalia. Mfuko wa Cherry-Garrard, uliokuwa na uzito wa kilo 8 hivi walipoondoka, ulirudi na karibu kilo 20, na nyongeza yote ilikuwa barafu iliyotoka miilini mwao. Asubuhi moja alitoka hemani akainua kichwa kutazama, na nguo zikaganda papo hapo. Akavuta sleji saa 4 shingo yake ikiwa imekwama kuelekea juu. Tangu hapo walijifunza kuinama mara tu watokapo, ili wagande wakiwa katika mkao wa kuvuta.

Miezi michache baadaye Roald Amundsen wa Norwei alifika Ncha ya Kusini, tarehe 14 Desemba 1911. Scott alifika tarehe 17 Januari 1912, na yeye na wenzake wanne walikufa wakirudi. Kwa miaka mingi imeelezwa kwamba tofauti ilikuwa nguo. Amundsen alikuwa ameishi Gjoa Haven, katika Aktiki, kati ya 1903 na 1905, jirani na Wainuiti wa Netsilik, na alijifunza kwao mavazi ya ngozi. Scott alitegemea sufu na gabardini. Maelezo haya yana ukweli, lakini hayatoshi, kwani hata kikosi cha Amundsen kilikuwa na gabardini mizigoni. Wengine hutaja upungufu wa chakula na mafuta, na mwanasayansi Susan Solomon, katika kitabu chake cha mwaka 2001, alionyesha kwamba baridi ya Machi 1912 ilizidi kawaida. Kwa maoni yangu tusiitenge nguo na kazi. Mbwa walimvutia Amundsen mizigo, hivyo watu wake walitoka jasho kidogo. Watu wa Scott walivuta wenyewe sehemu kubwa ya njia. Nguo inayomfaa mtu anayeendesha mbwa inaweza kumletea balaa anayevuta sleji kwa mabega yake.

Uchunguzi wa nguo za George Mallory, mpanda mlima aliyepotea Everest mwaka 1924, unafundisha jambo lilelile. Mwili wake ulipopatikana mwaka 1999, kwenye mwinuko wa mita 8,155 hivi, watafiti walichunguza mabaki ya nguo: hariri, pamba na sufu, nyembamba na nyingi, na gabardini juu. Wengi walikuwa wakiamini kwamba alikufa kwa sababu ya mavazi duni. Nakala ya nguo hizo ilipovaliwa kwenye miteremko ya Everest mwaka 2006, ilionekana kuwa nyepesi, yenye joto na rahisi kujongea nayo. Haikuwa na uwezo wa kumlinda mtu aliyekwama usiku kucha kileleni, lakini kwa mtu anayetembea ilifaa. Kuvaa matabaka, ambako leo kunafundishwa kama elimu mpya, kulikuwa tayari kunajulikana.

Baada ya Vita Kuu ya Pili nyuzi za viwandani zilichukua nafasi ya zile za asili. Helly Hansen ya Norwei ilitoa nguo za manyoya ya kutengenezwa mwaka 1961, na Malden Mills ya Massachusetts ikaleta flisi ya polyesta mwaka 1979. Nyuzi hizi hazinywi maji kama pamba, kwa hiyo hukauka upesi. Hapo ndipo utaratibu wa matabaka matatu ulipokamilika: la ndani hufyonza jasho na kulisogeza mbali na ngozi, la kati hutunza joto, la nje hupambana na hali ya hewa.

Tabaka la nje lilibaki kuwa fumbo. Mwaka 1969 Bob Gore, baada ya kushindwa mara nyingi kuvuta taratibu fimbo za plastiki ya PTFE iliyopashwa moto, aliivuta moja kwa nguvu na kwa ghafla. Haikukatika, bali ilirefuka mara kadhaa na kujaa vitundu visivyoonekana, vidogo mno kwa tone la maji lakini vikubwa kwa mvuke. Utando wa Gore-Tex uliingia sokoni mwaka 1976. Ulikuwa ugunduzi mkubwa kweli, ila mvuke huhitaji msukumo ili upite, na kitambaa cha juu kikishalowa au mtu akipanda kwa kasi, jasho huzidi uwezo wa vitundu.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, Hamish Hamilton wa Sheffield alichukua njia nyingine. Akifuata mfano wa Wainuiti, aliunganisha manyoya ya kutengenezwa na nailoni nyembamba iliyofumwa kwa kubana, bila utando wowote. Nguo zake za Buffalo zililowa, lakini zilikauka kwa joto la aliyezivaa. Kisha vitambaa vya kunyumbuka vya kiwanda cha Schoeller cha Uswisi, vilivyozoeleka kwenye suruali za kuteleza thelujini, vikaanza kushonewa majaketi. Kampuni ya Cloudveil ya Wyoming, iliyoanzishwa mwaka 1997, ilikuwa miongoni mwa za mwanzo. Kwa nini wakati ule? Wapo wanaosema ni kwa sababu ya kitambaa kipya. Wengine husema ni biashara iliyotaka bidhaa nyingine ya kuuza. Mimi naupa uzito zaidi mtindo wa upandaji: wapandaji wa miaka ile walikuwa wamepunguza mizigo na kuongeza kasi, na nguo isiyotoa jasho upesi ikawa kikwazo kwao. Biashara ndiyo iliyoisambaza baadaye.

Katika kusambaa huko jina lilipanuka hadi likakusanya vitu viwili tofauti. Baadhi ya softisheli ni za kufumwa tupu; nyingine zimefichwa utando wa kuzuia upepo katikati, na hizo hupumua kidogo zaidi ya koti la mvua. Mnunuzi hutambua kwa kuweka mdomo juu ya kitambaa na kupuliza: hewa ikipita kwa shida kidogo, jaketi linafaa kutembea nalo; isipopita kabisa, linafaa zaidi kusimama nalo kwenye upepo. Alivae juu ya flisi na kuinua mikono, kwani likibana mabegani hewa inayotunza joto haina pa kukaa. Matone ya maji yakiteleza juu yake, dawa ya nje bado ipo. Dawa hizo zilikuwa za kemikali za florini zisizooza, ambazo California imezipiga marufuku kwenye nguo nyingi tangu Januari 2025, na za sasa huhitaji kurudishiwa mara nyingi zaidi.

Mlima Kilimanjaro, kwa mfano, hudai matabaka yote, maana mtu huanza kwenye msitu wa mvua na kumalizia kwenye barafu, mita 5,895. Msituni softisheli pekee haitoshi; koti la mvua liwe karibu. Usiku wa kileleni, juu ya flisi na chini ya koti la upepo, ndipo inapofaa. Mgeni huenda pole pole kama anavyoelekezwa, na jasho lake ni dogo. Mpagazi hubeba hadi kilo 20, humpita njiani na kufika kambini mapema, kisha husimama kwenye baridi akiwa amelowa. Tangu mwaka 2003 mradi wa kuwasaidia wapagazi mjini Moshi huwaazima nguo za mlimani bila malipo, na wengine hujitafutia kwenye mitumba ya soko la Memorial. Wao ndio wanaolihitaji jaketi linalopumua kuliko mtu yeyote mlimani, na kwao koti zito la plastiki, hata likiwa jipya, ni chaguo baya.