Mgeni wa Serikali na Watu wa Mji

Wasomaji wengi watakumbuka siku mgeni mkubwa alipopita katika wilaya yao. Sisi walimu twaikumbuka zaidi, maana kazi ya kuwapanga watoto kando ya barabara huwa yetu. Watoto huamshwa alfajiri, huoga, huvaa nguo safi, hupewa bendera ndogo za karatasi, kisha husimama juani. Barabara imekwisha kufungwa. Mama mwenye kikapu cha mboga hawezi kuvuka kwenda sokoni, na mwenye mgonjwa huambiwa angoje. Hata saa nane motokaa zapita mbio, vioo vimefungwa, vumbi latimka, na mtoto auliza, "Mwalimu, mgeni alikuwa katika gari lipi?" Nasi hatuna jibu.

Swali hilo ndilo lililotufanya tuandike habari hizi. Wazee walisema, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Walitaka tujue ya kwamba mgeni hafiki kwa faida yake tu, bali kufika kwake kwapasa kuleta heri katika nyumba aliyoingia. Lakini mgeni wa serikali mara nyingi ana adui. Sharti alindwe, na kumlinda ni kuwazuia watu. Je, kuwazuia huko kwafaa kufike wapi? Tumechagua habari tatu za Ulaya, maana zimechunguzwa sana na twaweza kuzipima moja kwa nyingine. Ya kwanza ni ya mji uliolinda kidogo mno. Ya pili ni ya mji uliosahau ya kuwa raia nao hulindwa. Ya tatu ni ya nchi iliyofunga mji wake mkuu, kisha ikafungua mlango.

Tarehe 9 Oktoba 1934, Mfalme Alexander wa Yugoslavia alifika Marseille, bandari kubwa ya Ufaransa, katika manowari iliyoitwa Dubrovnik. Alikuja kuuthibitisha urafiki wa nchi yake na Ufaransa, na Waziri wa Mambo ya Nje, Louis Barthou, mzee wa miaka 72, alimlaki pwani. Wakaingia katika motokaa iliyo wazi, wakapanda barabara kuu ya mji iitwayo La Canebière. Motokaa ilikwenda polepole kama mtu atembeaye kwa miguu, ili watu wamwone mfalme. Ubavuni mwake ilikuwa na ubao mpana wa kukanyagia. Maofisa wachache tu waliopanda farasi walikuwa karibu, na askari waliowazuia watu walikuwa haba.

Serikali haikukosa kujua hatari. Mfalme huyo alikuwa ametawala peke yake tangu mwaka wa 1929, alipolifunga bunge, na katika nchi yake walikuwamo Wakroati na Wamakedonia waliomchukia. Basi mtu mmoja kutoka Bulgaria, Vlado Chernozemski, aliyetumwa na vyama vya siri, alitoka katikati ya watu, akaruka juu ya ule ubao, akampiga mfalme risasi. Ofisa mmoja juu ya farasi alimkata kwa upanga, watu wakampiga, na jioni hiyo akafa. Mfalme naye alikufa. Wapiga picha za sinema walikuwapo, na picha zao zingali zikionyeshwa hata leo.

Wengi waijuao habari hiyo huishia hapo, lakini jambo la kufunza zaidi lilifuata. Askari walifadhaika, wakapiga risasi ovyo katika mkutano wa watu, na watazamaji waliokuja kushangilia wakauawa. Barthou mwenyewe alijeruhiwa mkononi. Jeraha hilo halikupasa kumwua, lakini katika ghasia ile hakupata msaada wa upesi uliostahili, akatokwa na damu mpaka akafa. Wataalamu walipoipima risasi waliona ya kwamba haikutoka katika bastola ya mwuaji. Ilikuwa risasi ya polisi. Jambo hilo halikutangazwa wazi hata mwaka wa 1974, miaka arobaini baadaye.

Basi tusifikiri ya kuwa kosa la Marseille lilikuwa kuwaacha watu wamkaribie mgeni, na kwamba dawa yake ni ukuta tu. Kweli, askari walikuwa haba na motokaa haikufaa. Lakini wale askari wachache walifunzwa kumtazama mgeni, hawakufunzwa kuwalinda watu waliomzunguka. Hatari ilipotokea, kwao kila mtu barabarani akawa adui. Mlinzi asiyejua kutofautisha mwizi na mwenye nyumba aweza kuua zaidi ya mwizi.

Habari ya pili yaonyesha fikira hiyo ilivyokomaa ikawa desturi. Tarehe 2 Juni 1967, Shah Mohammad Reza Pahlavi wa Iran alizuru Berlin ya Magharibi. Wanafunzi wengi wa mji ule walimpinga, wakisema ya kwamba katika nchi yake wapinzani hufungwa na kuteswa. Adhuhuri Shah alifika kwenye nyumba ya baraza la mji, mtaa wa Schöneberg. Mbele ya vizuizi waliwekwa watu wake wa kumshangilia, wenye mabango yaliyofungwa katika fito za mbao. Hao wakazigeuza fito kuwa silaha, wakawapiga waliopinga, na polisi wakatazama kwa muda mrefu bila kuwazuia. Tuangalie vema jambo hili. Kizuizi kilikuwapo, lakini kilikuwa kizuizi kwa upande mmoja tu. Aliyemsifu mgeni aliruhusiwa kukaribia na kupiga, na aliyempinga hakulindwa.

Jioni Shah alipelekwa kwenye jumba la opera kusikiliza muziki wa Mozart. Waliompinga walisimama ng'ambo ya barabara, wamebanwa kati ya vizuizi vya polisi na ua wa mbao uliokuwa nyuma yao. Walipiga kelele, na wengine walitupa mayai na nyanya. Shah akaingia ndani, mlango ukafungwa. Hapo ulinzi wa mgeni ulikuwa umekwisha timia, na watu wengi walikuwa tayari kwenda zao. Ndipo polisi walipowashambulia kwa virungu. Mkuu wa polisi, Erich Duensing, aliifananisha njia hiyo na soseji, ambayo ukiichoma katikati hupasuka miishoni. Watu walikimbia ovyo, askari wakawafuata mitaani. Katika uwanja wa nyumba moja ya mtaa wa Krumme Straße, askari mpelelezi Karl-Heinz Kurras alimpiga risasi kisogoni mwanafunzi Benno Ohnesorg, kijana wa miaka 26 asiye na silaha, ambaye mkewe alikuwa na mimba. Kurras alishtakiwa, akaachiliwa.

Meya wa mji, Heinrich Albertz, alikuwa mchungaji wa Kanisa, na siku za Hitler alikuwa amekamatwa kwa ajili ya imani yake. Lakini usiku ule, kabla ya kuyachunguza mambo, aliwatupia wanafunzi lawama na kuwasifu polisi. Baadaye alitambua ya kuwa amekosa, akakiri mbele ya watu, na mwezi wa Septemba mwaka uleule akauacha umeya. Akarudi katika kazi ya uchungaji. Twamtaja kwa sababu mkubwa akirie kosa lake mbele ya watu ni haba katika historia.

Toba yake haikuweza kuyarudisha yaliyopita. Vijana wengi wa Ujerumani walikata tamaa na serikali tangu siku ile, na wachache wao wakaingia katika mauaji. Kundi moja lilijipa jina la tarehe hiyo, Harakati ya 2 Juni. Mwaka wa 1975 kundi hilo lilimteka mwanasiasa wa Berlin, Peter Lorenz, likadai wenzao watolewe gerezani. Ni Albertz aliyekubali kupanda eropleni pamoja na wafungwa hao mpaka Aden, awe dhamana ya maisha yao, ili Lorenz aachiliwe. Shah alikaa Berlin siku moja, lakini mji ulilipa kwa miaka mingi.

Msomaji aweza kusema, "Basi vizuizi vyote ni viovu." La, na habari ya tatu yatuonyesha sivyo.

Tarehe 17 Mei 2011, Malkia Elizabeth wa Uingereza alifika Ayalandi. Hakuna mfalme wala malkia wa Uingereza aliyekanyaga Dublin tangu Mfalme George V mwaka wa 1911, wakati nchi ile ilipokuwa bado chini ya Waingereza. Katikati ya miaka hiyo mia palikuwa na vita vya kudai uhuru. Kisha, katika Ayalandi ya Kaskazini, palikuwa na mapigano ya miaka thelathini yaliyoua watu zaidi ya 3,500, hata yakatulizwa kwa mapatano ya mwaka wa 1998. Malkia mwenyewe alifiwa: Lord Mountbatten, jamaa yake, aliuawa kwa bomu katika mashua yake mwaka wa 1979. Kiwanja cha ndege alichoshukia chaitwa kwa jina la Roger Casement, yule balozi mdogo wa Uingereza aliyefunua mwaka wa 1904 mateso ya watu wa Kongo waliolazimishwa kukusanya mpira kwa faida ya Mfalme Leopold. Mwaka wa 1916 Waingereza walimnyonga Casement kwa kuwa alitafuta silaha za kuikomboa Ayalandi. Ndivyo palivyojaa kumbukumbu pale mahali pa kushukia.

Ulinzi ulikuwa mkubwa kuliko wote uliopata kuonekana katika nchi hiyo. Maelfu ya polisi na askari walitawanywa, barabara zilifungwa, mapipa ya takataka yaliondolewa, vifuniko vya mifereji vilitiwa muhuri. Wala hofu yao haikuwa ya bure, maana usiku wa kuamkia siku ile askari walilikuta bomu katika mizigo ya basi lililokuwa likielekea Dublin, wakaliharibu. Kama pasingalikuwa na uangalifu, huenda Dublin ingalikuwa Marseille ya pili.

Lakini watu wa Dublin walihuzunika. Malkia alipoinamisha kichwa katika Bustani ya Ukumbusho, mbele ya kumbukumbu ya watu waliokufa wakipigana na nchi yake, mitaa ya karibu ilikuwa mitupu. Kesho yake alikwenda kiwanja cha michezo cha Croke Park, ambako majeshi ya Uingereza yaliua watu 14 mwaka wa 1920. Huko nako watu wa kawaida walizuiwa mbali. Jambo walilolingojea wazee wao lilitendeka hatua chache kutoka milangoni mwao, nao wakalitazama katika televisheni kama watu wa nchi ya mbali. Jioni, katika Ngome ya Dublin, Malkia alianza hotuba kwa maneno ya Kiayalandi, na wenyeji wakashangaa kwa furaha. Hata hivyo waliomsikia kwa masikio yao walikuwa wageni waalikwa.

Hata tarehe 20 Mei akafika Cork, mji wa kusini, akaingia katika soko la zamani liitwalo English Market. Alicheka na mwuza samaki. Alipotoka, watu walikuwa wamejaa nyuma ya vizuizi, na wengi wao walikuwa watoto wa shule wenye bendera. Jambo hili halikuwa katika mpango: mama huyu mwenye miaka 85 aliiacha motokaa, akavuka kuwaendea, akawasalimu. Askari walikuwapo, na vizuizi havikuondolewa. Lakini mgeni alikuja mpaka kwenye kizuizi, na watoto wa Cork hawakuwa na haja ya kumwuliza mwalimu alikuwa katika gari lipi.

Basi, wasomaji, tuyapime haya matatu. Marseille na Berlin zatuonyesha kosa moja lenye sura mbili: askari walihesabu ya kuwa wana mtu mmoja tu wa kulindwa. Katika Ayalandi walinzi walikaza sana, na twaweza kusema ya kuwa Dublin walikaza kupita kadiri. Lakini waliopinga, ambao nao walikuwapo wakipiga kelele, hawakuuawa, na hatimaye njia ilipatikana ya wenyeji na mgeni kuonana uso kwa uso. Kizuizi ni kama dawa kali, ambayo pasipo hiyo mgonjwa aweza kufa, naye mpimaji asiyejali aweza kumwua kwa hiyo hiyo.

Kwa hiyo twaomba mambo machache kwa wenye mamlaka, kila mahali mgeni atakapopita. Watu waambiwe mapema ni njia ipi itakayofungwa na kwa saa ngapi. Mgonjwa na mama mjamzito waachiwe njia, hata motokaa za wakubwa zingoje kidogo. Anayempinga mgeni apewe mahali pa kusimama kama yule anayemsifu, na wote wawili walindwe sawasawa. Tena, mgeni akisha ingia ndani, askari akumbuke ya kuwa walio nje ndio wenye nchi, na akimwumiza mmoja wao, ajibu kwa ukweli bila kufichwa miaka arobaini. Nasi raia tusimlaumu askari atukaguaye mifuko, maana bomu la kwenye basi lile halikuchagua kati ya Malkia na abiria.

Mgeni akipita hivyo, na watoto wakamwona, na mama wa mboga akafika sokoni, ndipo tutakapoweza kuurudia msemo wa wazee bila kuona haya: Mgeni njoo, mwenyeji apone.